Kufundisha Kumbukumbu ya Utumwa kwa Michoro na Masimulizi ya Nyumbani

Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha huniletea maandalio yao ya masomo niyapitie. Katika mada ya biashara ya watumwa maandalio hayo hufanana sana. Mwalimu hueleza sababu nne za biashara hiyo, hutaja athari zake tano na mwaka wa kukomeshwa kwake, kisha huchora ubaoni msafara wa watu waliofungwa minyororo shingoni, na wanafunzi hunakili. Yaliyoandikwa ni kweli. Lakini mwulize mwanafunzi wa somo hilo akutajie mtu mmoja tu aliyepata kuwa mtumwa: jina lake, kwao, na kazi aliyoijua. Hatakuwa na la kujibu. Amejifunza biashara, watu waliouzwa hakujifunza.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia ya kuifundisha mada hii kwa kutumia vitu viwili vinavyopatikana katika kila kijiji cha Ufipa, navyo ni mikono ya watoto ya kuchorea na masimulizi ya wazee wao. Aidha yanakusudia kumwonya, kwa maana njia hii ikitumiwa bila uangalifu humdhuru mtoto. Nayasema haya kwa kuwa nimepata kuitumia vibaya mimi mwenyewe.

Historia ambayo mwalimu hana budi kuijua

Nyanda za juu za Ufipa zimekaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Katika karne ya 19 wenyeji wake walijulikana kwa kilimo, kwa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, na kwa kufuma nguo za pamba. Palikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Katikati ya karne hiyo Wangoni wa Zwangendaba waliingia Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe alifia huku. Baadaye misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pwani, iliyopita Tabora, ilienea katika mwambao wa ziwa, na watu wakawa wakivushwa kwa mitumbwi na majahazi kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Yako mambo matatu ambayo vitabu vya darasani huyapita upesi, nayo ndiyo yanayotuhusu sana.

Kwanza, katika eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika wengi wa waliofanywa watumwa walikuwa wanawake na watoto. Si wote waliotekwa vitani. Wengine walitolewa kuwa fidia ya deni, na wengine walitolewa na jamaa zao wakati wa njaa. Mwanahistoria Marcia Wright alikusanya habari za maisha ya baadhi ya wanawake hao, akiwemo Bibi Narwimba na Bwanikwa, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1993. Hao ni jirani zetu, wala si watu wa mbali.

Pili, si wote waliofika pwani. Wengi walibaki humu humu barani, wakalima mashamba ya watu, wakaolewa, wakazaa. Wajukuu na vitukuu wao wameketi katika madarasa utakayoyafundisha.

Tatu, waliovamia, waliouza na walionunua walitoka katika makabila mengi. Walikuwamo wafanyabiashara wa pwani, na walikuwamo pia machifu wa bara. Hakuna mtoto wa leo, awe wa Kirando au wa Sumbawanga, anayestahili kunyoshewa kidole kwa matendo hayo.

Mwalimu aipange vema pia miaka ya kukomeshwa kwa utumwa, kwa kuwa haukukoma kwa siku moja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Bara, serikali ya Kijerumani haikuupiga utumwa marufuku. Iliagiza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria iliyoufuta kabisa katika Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Basi mzee aliyezaliwa mwaka 1950 aweza kuwa alibebwa mgongoni na bibi aliyenunuliwa utotoni. Habari hizi ziko mbali nasi kwa vizazi vichache tu.

Kosa nililolifanya

Nilipokuwa mwalimu mpya wa darasa la tano katika shule moja ya kijiji huku nyandani, niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani. Niliwaambia wawaulize wazee wao jinsi babu zetu walivyouzwa utumwani. Niliona nimebuni somo zuri la kuiunganisha shule na nyumba.

Kesho yake wengi walirudi mikono mitupu. Wazee wao walikuwa wamewaambia kwamba hawajui. Mvulana mmoja tu alisimama, akasema kwa furaha kwamba bibi mzaa bibi yake alinunuliwa kwa nguo akiwa msichana mdogo, akavushwa ziwa kutoka Marungu. Nilimsifu mbele ya darasa, kisha nikawaagiza wenziwe wachore habari aliyoisimulia. Wote walichora minyororo, viboko na damu, na baadhi yao walikuwa wakichora huku wakicheka. Kabla ya mapumziko kwisha mvulana yule alikuwa amekwisha kupewa jina jipya uwanjani. Waliitana na kumwita: Mtumwa. Mimi sikulisikia jina hilo ila baada ya kuona kwamba amekosa shule siku tatu mfululizo.

Nilikwenda kwao jioni. Bibi yake alinipa kigoda nikaketi, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nalijua jina la yule mwanamke niliyemchoresha darasani. Sikulijua, kwa kuwa sikuwa nimemwuliza mtoto. Ndipo bibi akaingia ndani akatoka na chungu chenye ufa mmoja, ambamo alihifadhi mbegu za maharage. Akanieleza kwamba ndicho kilichosalia katika vyungu alivyovifinyanga bibi yake, na kwamba wanawake wa vijiji vya jirani walikuwa wakija kuvitafuta, wakivitambua kwa mistari miwili aliyoipitisha ukingoni. Jina la mfinyanzi huyo niliambiwa jioni ile. Silitaji hapa, kwa kuwa ruhusa niliyopewa baadaye ilikuwa ya kulitumia darasani, si ya kuliandika jaridani.

Mtoto alirudi shuleni juma lililofuata. Jina la uwanjani halikufutika upesi. Lilimfuata hata darasa la saba. Nilifanya makosa mawili. Nilianza na mnyororo kabla ya jina, na nilimtaka mtoto alete mbele ya wenziwe siri ambayo haikuwa mali yake peke yake.

Mfano kutoka Terezín

Katika kutafuta njia iliyo bora nilisoma habari za mwalimu mmoja wa uchoraji aitwaye Friedl Dicker-Brandeis. Katika Vita Vikuu vya Pili Wanazi wa Ujerumani waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, na miongoni mwao watoto wapatao milioni 1.5. Mwalimu huyu, aliyekuwa Myahudi, alipelekwa mwaka 1942 katika kambi ya Terezín, katika nchi ya Cheki ya leo. Humo aliwafundisha watoto kuchora, akitumia karatasi yoyote iliyopatikana. Wapo waliochora vitanda vya kambini na foleni za chakula. Lakini wengi walichora nyumba walizotoka, maua, wanyama, na meza iliyoandaliwa. Naye aliwahimiza waandike majina yao juu ya kazi zao.

Mwezi Oktoba mwaka 1944 mwalimu huyo alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake waliuawa vilevile. Michoro yao zaidi ya 4,000 ilisalia, ikiwa imefichwa katika masanduku, na hivi leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kiyahudi mjini Prague. Kwa kuwa michoro ilikuwa na majina, iliwezekana baadaye kuyalinganisha na orodha za waliosafirishwa, na kumjua mtoto aliyechora ua fulani kuwa nani, alizaliwa lini, na yalimpata yapi.

Msiba ule na utumwa wa kwetu si jambo moja. Wanazi walikusudia kulifuta taifa zima la watu duniani; wenye misafara walikusudia kupata faida kutokana na watu waliowauza. Mwalimu asiwaingize watoto katika kupima ni msiba upi uliozidi mwenziwe. Tunalolichukua kutoka Terezín ni somo la ualimu: mtoto anayemchora mtu pamoja na jina lake, nyumba yake na kazi ya mikono yake humkumbuka mtu. Anayechora pigo peke yake humkumbuka mpigaji.

Maandalio ya vipindi vitatu

Maandalio yafuatayo yamekusudiwa darasa la tano au la sita, katika vipindi vitatu vya dakika 40. Yaweza kuunganisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili na lile la Sanaa na Michezo.

Shabaha. Baada ya vipindi hivi mwanafunzi aweze: (a) kumtaja mtu mmoja aliyepitia utumwa na kueleza maisha yake kabla na baada, (b) kueleza kitu kimoja alichonyang'anywa na kitu kimoja alichokijenga, (c) kuchora kitu chenye historia na kukiandikia maelezo mafupi, (d) kusikiliza habari za wengine kwa heshima.

Zana. Karatasi za mifuko ya saruji zilizokung'utwa vizuri, mkaa, udongo mwekundu na mweupe uliokorogwa kwa maji, majani mabichi ya kupakia rangi, na vijiti vilivyotafunwa ncha viwe brashi. Ramani ya Afrika ichorwe juu ya sakafu au uwanjani.

Kipindi cha kwanza: Habari za Adrian Atiman. Anza na mtu ambaye habari zake zajulikana na wote, ili pasiwe na nyumba inayofunuliwa. Mjini Sumbawanga iko hospitali yenye jina la Atiman, lakini ni wachache wanaojua alikuwa nani. Wasimulie. Alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa Jangwa la Sahara. Katika Algeria wamisionari wa shirika la White Fathers walimkomboa kwa fedha. Alisomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alioa huko, akawatibu wagonjwa wa ziwani na wa nyandani hata alipofariki mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946.

Wanafunzi waipite safari hiyo kwa miguu juu ya ramani ya sakafuni, kutoka Niger hadi Karema. Kisha kila mmoja achore mkono wa Atiman, na ndani ya kiganja achore kitu kimoja ambacho mkono huo ulikifanya. Mwishoni uliza: ni nini alichonyang'anywa ambacho hakuna aliyeweza kumrudishia? Wape muda wa kufikiri. Darasa moja nililolifundisha lilitaja mama yake, kisha lugha yake. Mtoto mmoja akasema, watu waliomjua alipokuwa mdogo.

Mwisho wa kipindi toa kazi ya nyumbani. Hapa ndipo pa kuchunga maneno. Usiulize juu ya utumwa. Uliza hivi: "Nyumbani kwetu kuna kitu gani cha kale, na nani alikitengeneza au kukileta?" Swali hilo kila nyumba yaweza kulijibu. Ni jembe, kinu, mkeka, ungo, kigoda au chungu. Kama hakuna kitu, na uwe wimbo, mti uliopandwa, au jina ambalo mtoto amerithi. Nyumba yenye habari za utumwa, ikipenda kuzitoa, itapata mlango. Isiyopenda itatoa habari za jembe, nayo imetimiza wajibu wake sawasawa na wengine.

Kipindi cha pili: Mgeni. Mwalike mzee mmoja aliyekwisha kukubali kusimulia habari za ukoo wake. Mtembelee nyumbani kwake kabla ya siku hiyo, umsikilize hadi mwisho, na umwulize ni yapi angependa watoto wayasikie na yapi yabaki kwake. Wanafunzi waandae maswali matatu tu, nawe uyasome kwanza. Swali la kwanza liwe jina. Usimkatishe mzee kwa kusahihisha miaka. Miaka utaifundisha kipindi kingine. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usipompata mzee aliye tayari, tumia habari za Atiman tena, au habari ya chombo ambacho wewe mwenyewe umekileta kutoka kwenu. Mwalimu akitangulia kutoa habari za nyumbani kwake, wanafunzi huona kwamba hawatakiwi kutoa wasilolitoa yeye.

Mimi sasa huanza kipindi hiki kwa habari za mfinyanzi wa Marungu, kwa ruhusa ya jamaa zake. Huwaonyesha watoto chungu nilichokifinyanga kwa kukifuata kile chenye ufa. Mistari ya ukingoni haijanitokea vizuri hata leo, na watoto huniambia.

Kipindi cha tatu: Kuchora na kuonyesha. Kila mwanafunzi achore kitu cha nyumbani kwao kwa ukubwa wa karatasi nzima. Chini yake aandike sentensi tatu: kitu hiki ni nini, kilitengenezwa au kililetwa na nani, mtu huyo alijulikana kwa jambo gani. Mwanafunzi atie sahihi yake pembeni. Michoro ipangwe ukutani bila kutenga ya waliopitia utumwa na ya wasioupitia. Wazazi waalikwe. Kisha wanafunzi wasome, mmoja baada ya mwingine, jina la mtu aliyeko katika mchoro wake. Baada ya jina la mwisho darasa likae kimya kwa dakika moja. Ndipo mwalimu aseme kwamba kati ya watu walioishi katika nyanda hizi na mwambao huu wako wengi ambao majina yao yalichukuliwa, na hatutayajua tena.

Tahadhari

Usiwaigizishe watoto utumwa. Kumfunga mtoto kamba shingoni ili "aonje" ni kumdhalilisha, na wanaobaki kutazama hujifunza kucheka. Usiwaambie wachore mateso. Mtoto akichora mateso kwa hiari yake, usimkataze wala usibandike mchoro huo ukutani. Kaa naye, umwulize mtu huyo alikuwa nani.

Usimtafutie kila mtu mwisho mwema. Atiman alisoma akawa mganga, lakini wengi hawakukombolewa na mtu yeyote. Tukiwakumbuka tu waliofanikiwa tutakuwa tumesema kwamba wengine hawakustahili kukumbukwa. Yule mfinyanzi hakuwa na kitabu wala hospitali yenye jina lake.

Likizuka jina la kejeli darasani, usilipuuze kwa kudhani litakufa lenyewe. Lizungumze siku ile ile, bila kumsimamisha aliyetukanwa.

Upimaji

Usiitolee alama habari ya nyumbani. Mtoto aliyeleta habari ndefu hakujifunza zaidi ya aliyeleta habari ya jembe. Wala usipime uzuri wa mchoro. Pima mambo manne: je, mwanafunzi aweza kumtaja mtu na kueleza maisha yake? Aweza kutofautisha miaka ya 1873, 1905 na 1922, na kueleza kila mwaka uliwahusu nani? Ameandika sentensi zake kwa usahihi? Alimsikiliza mwenziwe? La mwisho halina mtihani. Lichunguze uwanjani wakati wa mapumziko.

Hitimisho

Wanachuo huniuliza kwa nini tuwasumbue watoto kwa mambo ya uchungu yaliyokwisha kupita zaidi ya miaka 100. Jibu langu ni kwamba hayajapita katika nyumba ambamo bado hunong'onwa. Lile neno uwanjani lilimwuma mvulana yule kwa sababu sisi wote, pamoja na mwalimu wake, tuliamini kwamba aibu ya utumwa ni ya aliyeuzwa. Kazi ya somo hili ni kuiondoa aibu hiyo mahali isipostahili kukaa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na orodha ya sababu na athari. Hufanywa pale mtoto anaposimama mbele ya wenziwe, akauonyesha mchoro wa chungu, akalitaja jina la aliyekifinyanga, na hakuna anayecheka.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwanafunzi anakuambia kwamba baba yake amemkataza kuzungumza juu ya ukoo wao. Utamjibu nini, na utampa kazi gani ifanane na ya wenziwe?

2. Mzee mwalikwa anaanza kulilaumu kabila fulani, na watoto wa kabila hilo wamo darasani. Utafanya nini bila kumvunjia heshima?

3. Tazama picha ya msafara wa watumwa katika kitabu chochote cha kiada. Picha hiyo inamwambia nini mtoto, na inamficha nini? Tunga maswali matatu ya kumsaidia kuiona upya.

4. Chagua kitu kimoja cha kale kutoka kwenu, ukichore, ukiandikie sentensi tatu. Fanya hivyo kabla hujamwagiza mtoto yeyote kufanya vivyo hivyo.